Mshikamano wa Bodaboda wa Moshi Uanzie Kijiweni, Usisubiri Msiba

Ukitaka kuupima mshikamano wa waendesha pikipiki wa Moshi, subiri mmoja wao apate ajali. Kabla vumbi halijatulia, wenzake watakuwa wamefika kutoka vijiwe vya jirani: mmoja atasimamisha magari, mwingine atakimbilia kituo cha polisi kufuata fomu ya PF3 ya matibabu, wa tatu atampigia simu tajiri wa pikipiki, na jua likizama daftari la mchango litakuwa limekwisha kuzunguka maeneo ya Majengo, Pasua na Soweto. Ikitokea majeruhi amefariki, msafara wa pikipiki utalisindikiza jeneza kutoka mochwari hadi kihambani kwao, honi zikilia njia nzima ya mlimani. Ni vigumu kulitaja kundi jingine la wafanyakazi mjini hapa lenye wepesi wa kufika kama huo. Shida ni kwamba umoja huu, pamoja na heshima yote unayostahili, umejengwa karibu wote upande wa baada ya ajali, mahali ambapo unaweza kufariji lakini hauwezi tena kuzuia.

Mjadala wa usalama wa bodaboda huishia mara nyingi kwenye tabia. Inasemwa kwamba vijana hawa hawana adabu, hawakusomea udereva, wanapenda sifa na hawaheshimu taa wala kivuko. Katika hayo upo ukweli, na yeyote aliyewahi kuvuka barabara karibu na stendi saa moja asubuhi anao ushahidi wake. Lakini tabia peke yake haielezi kwa nini kijana yule yule ambaye Jumapili, akiwa amempakia mama yake kwenda kanisani, huendesha kwa utulivu wa kupigiwa mfano, Jumatatu hujipenyeza kati ya basi na lori kana kwamba ana roho ya akiba. Jumapili alikuwa na mama yake mgongoni. Jumatatu ana hesabu.

Wengi wa vijana tunaowaona vijiweni hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wanaoendesha kwa hesabu ya siku tu, yaani kiasi wanachompelekea mwenye pikipiki kila siku, wapo deiwaka wanaoshika usukani kwa saa chache mwenye zamu anapopumzika, na wapo wa mkataba, ambao ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Katika mkataba, tajiri hununua pikipiki, kijana humpelekea kiasi kile kile kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, na akimaliza hukabidhiwa kadi na pikipiki inakuwa yake. Utaratibu huu haupaswi kubezwa. Kijana asiye na shamba la kuweka rehani, wala mshahara wa kuonyesha benki, amepata kupitia mkataba njia ya kumiliki chombo cha uzalishaji, na jumla anayolipa ikizidi bei ya dukani, tajiri naye amebeba hatari ya chombo chake kuibwa, kugongwa au kutoroshwa.

Hata hivyo tufanye hesabu yenyewe. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, petroli lita tatu kwa bei inayokaribia shilingi 3,000 kwa lita, na chakula cha mchana shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 22,000 kabla ya kijana kupata senti moja ya kupeleka nyumbani. Kama wastani wa nauli za mjini ni shilingi 1,500, atahitaji safari 15 za kulisha pikipiki, tajiri na tumbo lake, na kuanzia ya 16 ndipo anaanza kujifanyia kazi mwenyewe. Siku ya mvua abiria hupanda daladala, lakini hesabu haisomi hali ya hewa. Siku pikipiki ikiwa gereji, mikataba mingi hukaa kimya kuhusu nani abebe siku hiyo, na ukimya huo humwangukia aliye mnyonge. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo hahitaji kuwa mtovu wa adabu ili akimbie. Anahitaji tu kujua kusoma saa.

Haraka ni sehemu moja ya gharama hiyo. Sehemu ya pili haionekani, nayo ni matengenezo yanayoahirishwa. Oili iliyopaswa kumwagwa wiki iliyopita inavumiliwa hadi mwisho wa mwezi, mnyororo uliolegea unakazwa badala ya kubadilishwa pamoja na sproketi zake, tairi lililobaki kipara linaombewa lifike sikukuu, na breki shuu zilizolika zinapewa uhai mpya kwa kukaza nati ya nyuma mizunguko miwili. Katika mji wa tambarare mambo haya yangeweza kufichika kwa muda. Moshi hayafichiki, kwa sababu mji wenyewe uko karibu mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, ilhali vijiji vya Kibosho, Uru na Old Moshi ambako pikipiki hizi hupanda kutwa vinapita mita 1,200. Mzigo wa kupandisha ni majani ya ng'ombe yaliyokatwa huku chini, pumba na saruji. Mzigo wa kushusha ni mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa.

Ni katika kushuka ndipo uchumi wa mkataba unapoonekana kwa macho. Ili kuokoa mafuta, dereva huzima injini, huweka gia huru na kuiachia pikipiki iserereke, au kama wanavyosema wenyewe, hushuka fri. Mikungu mitatu imefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, mmoja umening'inia mpaka umeifunika taa ya nyuma, na pikipiki inateremka bila mlio, kiasi kwamba mwanafunzi anayetembea ukingoni mwa barabara haisikii mpaka imefika begani kwake. Gia ikiwa huru, injini haizuii tena mwendo, hivyo uzito wote unaangukia breki, na breki za ngoma zikikandamizwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto, na zikishapata joto hupungukiwa na nguvu ya kushika. Dereva huipata habari hiyo kupitia mguu: pedali inazidi kushuka, harufu ya kitu kinachoungua inapanda, na kasi haipungui. Alichokiokoa kwa kuzima injini ni mafuta ya shilingi mia kadhaa.

Kwenye breki kuna jambo jingine ambalo mafundi wetu na walimu wa vijiweni wamelirithishana vibaya, nalo ni woga wa breki ya mbele. Vijana wengi hufundishwa na wenzao kwamba breki ya mbele hupindua pikipiki, hivyo huiacha na kutegemea ya nyuma. Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito wake huhamia mbele, tairi la nyuma hubaki jepesi na huwa rahisi kuteleza, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama hupatikana kwenye tairi la mbele. Hatari ya kupinduka au kuteleza ni ya kweli pale breki ya mbele inapokamatwa kwa ghafla, hasa kwenye changarawe, matope au kona. Dawa yake ni kujifunza kuikamua polepole pikipiki ikiwa imenyooka, pamoja na ya nyuma, wala si kuisahau. Na kasi ina hesabu yake ambayo haina upendeleo. Dereva anayekwenda kilomita 40 kwa saa, tukimpa sekunde moja na nusu ya kushtuka na kuanza kufunga breki kwenye lami kavu, atahitaji takribani mita 29 hadi asimame. Kwa kilomita 60 kwa saa atahitaji takribani mita 53. Kasi imeongezeka kwa nusu, lakini umbali wa kusimama umekaribia kuwa maradufu, na hapo hatujampakia abiria, hatujamwaga mvua ya kwanza ya vuli juu ya vumbi na oili ya barabarani, na hatujazitazama hizo breki shuu.

Kuhusu kofia ngumu sina haja ya kurefusha, kwa sababu ubishi uliopo mitaani si wa kitaalamu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kinacholinda ni povu gumu lililo ndani ya gamba, ambalo hubonyea na kulimeza pigo ambalo lingefika kwenye fuvu, na povu likishabonyea mara moja halirudi. Kofia iliyookolewa kwenye ajali kwa hiyo ni pambo, hata kama rangi yake inang'aa. Itazame basi kofia ya abiria katika kijiwe chochote cha mjini: imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni tangu asubuhi, kitambaa cha ndani kimeshikana kwa jasho, kufuli ya mkanda imekatika na mkanda wenyewe umepigwa fundo. Mama anayetoka saluni ataikataa kwa sababu ya nywele na kwa hofu ya maradhi ya ngozi, dereva hatamlazimisha kwa kuwa mwenzake wa pembeni atamchukua bila masharti, na wote wawili wataondoka kichwa wazi wakielekea Kiboriloni. Kofia isiyofungwa mkanda hutangulia kutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Hapa palihitajika kufuli nzima na kitambaa safi cha kuvaa ndani, vitu ambavyo havihitaji mkutano wa hadhara wala mgeni rasmi.

Wapo wanaoamini kwamba suluhisho la haya yote ni trafiki. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilishusha faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000, na kwa maoni yangu ilifanya haki, kwa sababu faini inayozidi kipato cha siku humsukuma mtu kukimbia, na kumkimbia trafiki kwa pikipiki kumekwisha kuwaua watu. Lakini faini ya shilingi 10,000 ni sawa na hesabu ya siku moja katika mfano wetu, na mtu aliyezoea kulipa hesabu huiingiza faini katika mahesabu yake na kesho akaendelea. Zaidi ya hapo, trafiki husimama sehemu zinazojulikana, na waendeshaji wana mtandao wao. Ukipanda kuelekea hospitali ya KCMC au ukitoka Boma Ng'ombe asubuhi, pikipiki zinazokuja mbele yako zitakuwashia taa mara mbili kukuarifu kwamba askari wako mbele. Mimi mwenyewe nimenufaika na taa hizo zaidi ya mara moja, ingawa kofia yangu ilikuwa kichwani na leseni yangu mfukoni. Ajabu ni kwamba mtandao huo huo, wenye kasi kuliko redio, hautumiki kumwambia aliye nyuma kwamba kona ya tatu ina oili iliyomwagika au kwamba taa yake ya nyuma imekufa.

Hii ndiyo sababu ninasema mamlaka iliyo karibu zaidi na mwendeshaji ni kijiwe. Kijiwe kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kina kiingilio, kina zamu na kina daftari. Mgeni hawezi kuegesha pikipiki hapo akapakia abiria bila kujitambulisha. Kijana akimwibia abiria simu atafukuzwa siku hiyo hiyo; akichukua abiria nje ya zamu atapigwa faini; akikosa kufika msibani bila udhuru ataulizwa mbele ya wenzake, na kuulizwa huko kunauma kuliko stakabadhi ya trafiki. Tunazungumza juu ya chombo chenye uwezo wa kumnyima mtu mkate wake kwa uamuzi wa dakika kumi chini ya mti. Pamoja na nguvu zote hizo, ni nadra kusikia kwamba kijiwe kimemsimamisha mwanachama kwa sababu breki zake hazishiki. Mwenzake ataona tairi lililobaki uzi, atacheka, atamwambia "mangi, hiyo ni ya kwendea mochwari," na utani utaishia hapo. Wataalamu wa hali ya pikipiki ya fulani ni wenzake wanaokaa nayo kutwa, na elimu yao inaishia kuwa mzaha.

Udugu huu una sura nyingine ambayo tunaona haya kuisema. Gari likimgonga bodaboda, wenzake hufika wakiwa wamekwisha kuamua nani mwenye kosa, na dereva wa gari, hata kama alikuwa upande wake na kwa mwendo wake, hujikuta akiokoa maisha yake kwa kukimbilia kituo cha polisi. Kundi linalojitetea hivyo hujinyima nafasi ya kujifunza, kwa kuwa ajali ambayo kosa lake limeshapewa mtu wa nje haina cha kumfundisha aliye ndani. Na majeruhi mwenyewe, katika joto hilo, huokolewa kwa namna inayoweza kummaliza. Nimeona kijana aliyevunjika paja akiinuliwa kwa mikono na miguu, akawekwa kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, mshikaki wa watu watatu, mguu ukining'inia mpaka hospitali. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Mtu aliyeanguka kwa kasi anaweza kuwa ameumia shingo au uti wa mgongo, na kumkunja juu ya tandiko kunaweza kugeuza jeraha la kupona kuwa ulemavu wa maisha. Anayepumua vizuri aachwe na kofia yake kichwani, damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi moja kwa moja juu ya jeraha, kichwa na shingo vishikwe visitikisike, na abebwe na watu kadhaa akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango, kisha apakiwe kwenye gari lenye nafasi ya kulala. Hayo yanafundishika kwa mchana mmoja, na mji wenye hospitali ya rufaa ya kanda na hospitali ya mkoa hauwezi kukosa muuguzi wa kuyafundisha kijiweni.

Sisi tunaoendesha pikipiki zetu wenyewe kwenda kazini tumejiweka kando ya mjadala huu kana kwamba barabara yetu ni nyingine. Hatuna hesabu ya tajiri, tuna muda wa kupeleka pikipiki kwa fundi, na kwa sababu hiyo hatuna kisingizio. Lakini wengi wetu tunatembea na bima ndogo tukidhani tumekatiwa bima sisi. Bima hiyo ni ya mtu wa tatu: inamlipa tuliyemgonga, haitengenezi pikipiki yetu wala haigharimii mguu wetu. Mwenye mshahara anaweza kuwa na bima ya afya ya kazini, lakini kijana wa mkataba huwa ana bima ndogo iliyokatwa ili trafiki asimsumbue, na baada yake ana wenzake. Daftari la mchango ndilo bima yake ya afya, bima yake ya maisha na mafao yake ya ulemavu, na siku atakayolala wodini miezi mitatu na chuma ndani ya paja, daftari hilo litakuwa limechoka mwezi wa kwanza, wakati kadi ya pikipiki ingali kwa tajiri na siku zisizolipwa zinaendelea kuandikwa.

Matajiri nao waingizwe katika hoja hii kwa maandishi. Mkataba ungeweza kusema kwamba hesabu ni ya siku sita na ya saba ni ya fundi na mapumziko. Kwamba siku ambayo pikipiki iko gereji kwa stakabadhi haihesabiwi. Kwamba kofia mbili nzima ni sehemu ya chombo kama ilivyo tairi, na zikichakaa hununuliwa na mwenye chombo. Tajiri atakayesema masharti hayo yanamtia hasara ajikumbushe ni mara ngapi ameipokea pikipiki yake kutoka yadi ya polisi ikiwa imepinda uma. Vijana wakidai masharti hayo mmoja mmoja watajibiwa kwamba wapo wengine wanaoitaka kazi, na ni kweli wapo. Wakidai kwa jina la kijiwe, tajiri atafikiri mara mbili, kwa kuwa pikipiki isiyo na kijiwe haina pa kusimama.

Mwenyekiti mmoja wa kijiwe, mtu mzima aliyeianza kazi hii kabla kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki hazijatungwa mwaka 2010, aliniuliza swali ambalo naliona ndilo kiini cha jambo lote. Alisema: nikimsimamisha kijana asubuhi kwa sababu breki zake hazishiki, hesabu yake ya leo italipwa na nani? Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye daftari lake mwenyewe. Kijiwe chenye wanachama 30 wanaotoa shilingi 500 kila mmoja kwa siku kinakusanya shilingi 15,000, ambazo kwa sasa huhifadhiwa zikisubiri ugonjwa na mazishi. Kwa fedha ya siku moja tu, mfuko huo unaweza kumlipia mwanachama aliyesimamishwa hesabu yake ya siku, na shilingi 5,000 zinazobaki zikachangia breki shuu mpya na ufundi, kwa masharti kwamba hapakii abiria mpaka katibu aijaribu pikipiki hiyo mwenyewe na kutia saini. Katiba za vyama hivi vya kufa na kuzikana zina vifungu vya jeneza, vya usafiri wa maiti na vya rambirambi ya mzazi. Kifungu cha breki kinaweza kuongezwa katika kikao kijacho, kwa kura zile zile na kwa fedha zile zile, kabla masika hayajaanza.